Jino la Mpiga Tarumbeta

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kujisifu. Kwa miaka mingi nilikaa kwenye kiti cha tarumbeta ya kwanza katika bendi ya polisi hapa Kampala, na mtu akiniuliza kazi yangu sikuwa nasema "askari." Nilikuwa nasema "tarumbeta ya kwanza," kisha nanyamaza ili aniulize zaidi. Kwa hiyo siku jino langu la mbele lilipotikisika, sikuogopa kuwa kibogoyo. Niliogopa kupoteza kiti.

Lilitikisika sokoni Kalerwe, saa mbili asubuhi, nikila hindi la kuchoma. Mke wangu alikuwa amenituma nyanya na matoke, nami kama kawaida nikaanza na tumbo langu. Nilipong'ata nilihisi kitu kikienda nyuma na kurudi, kama mlango ambao komeo lake limelegea. Nikalitazama lile hindi. Punje zilikuwa na damu.

"Ssebo, muhindi yangu iko mbaya?" akauliza mama aliyekuwa anachoma.

"Muhindi iko sawa, nnyabo. Ni mimi."

Asiyepuliza tarumbeta huenda asielewe hofu yangu. Kile kikombe kidogo cha chuma cha kupulizia kinakaa kwenye midomo, lakini midomo peke yake ni nyama tu. Kinachobeba uzito ni meno mawili ya mbele ya juu. Moja likilegea, sauti za juu zinakimbia, na zikishakimbia hazirudi kwa kubembelezwa. Nilikuwa nimeshuhudia. Aliyekalia kiti kile kabla yangu alipoteza jino, akapewa matoazi, na mwaka uliofuata nikamkuta stoo anahesabu makoti ya gwaride. Alikuwa anahesabu kwa upole sana, na upole wake ule ndio ulionitisha.

Basi nikafanya kile ambacho mtu yeyote wa nyumba yetu angefanya. Nikapiga mswaki kwa nguvu zaidi.

Baba yangu alikuwa sajini, mtu wa kaskazini, Mkristo wa kwenda kanisani akiwa amenyoosha suruali mpaka mkunjo wake unaweza kukata mkate. Mama alikuwa Mwislamu. Kwetu kambini tulikula Krismasi na tukala Idi, na hakuna aliyeona ajabu, maana nusu ya majirani walikuwa hivyo hivyo. Lakini katika usafi nyumba yetu ilikuwa na dini moja tu, nayo ilikuwa ya baba. Kila asubuhi kabla ya shule alitupanga mstari karibu na bomba. Kwanza viatu. Halafu kucha. Halafu akisema "Meno!" sote tunakenua, naye anapita anainama mbele ya kila mmoja kama anakagua bunduki.

"Hii haing'ari," alikuwa anasema. "Rudi. Sugua mpaka inang'ara."

Tulisugua kwa mkaa uliosagwa na chumvi kidogo, tukitumia mswaki mgumu, kushoto kulia, kushoto kulia, kwa mkono ule ule tuliopigia buti zake rangi. Mswaki ukichakaa ulihamishiwa kwenye vifungo vya shaba vya sare yake, na kaka yangu anaapa kwamba safari moja ulirudishwa kutoka kwenye vifungo kuja mdomoni. Mate yakitoka mekundu, baba aliridhika. "Ile damu ni uchafu inatoka," alituambia. "Wewe endelea tu." Nasi tuliendelea. Nilikua nikiamini kwamba mtu asiyetoka damu hajasafisha kitu.

Mama alikuwa na njia yake. Alitafuna kijiti cha mswaki mpaka ncha ikawa laini, halafu anazungusha polepole jino kwa jino wakati wa udhu, au akiwa amekaa anasubiri maharagwe yaive. Baba alimtania kwamba anakula mti kama mbuzi. Mama alicheka tu, akaendelea. Sisi watoto tulimfuata baba, kwa sababu njia ya baba ilikuwa na kelele, na mtoto huamini kelele.

Ndiyo hiyo niliyoirudia nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Wiki mbili nilisugua asubuhi na usiku kama ninayetaka kutoboa. Sinki likawa la waridi. Kikombe cha tarumbeta nikawa nakifuta damu kwa siri, nikijifanya nafuta jasho. Mke wangu aliona doa kwenye foronya, akaja kusimama mlangoni mwa bafu akanitazama.

"Wewe unapigana na meno yako," akasema. "Na naona meno yanashinda. Twende kwa daktari."

Nilimwambia sina nafasi. Akaniambia ameshaomba nafasi, ni Alhamisi, na yeye mwenyewe atanisindikiza. Nina bahati ya mke asiyenisikiliza.

Kliniki ilikuwa chumba kimoja upande wa Namuwongo, ukishavuka reli. Daktari wa meno alikuwa binti mdogo tu, mwenye hijabu ya kijivu, wa zile familia za Waislamu wa siku nyingi ambao mababu zao walikuja kutoka pwani na biashara. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mpaka nikaona haya kufungua mdomo, ingawa kufungua mdomo ndiko kulikonipeleka. Aliniita afande.

Alianza kwa kunipa kidonge chekundu nikitafune, nizungushe mate kila upande, niteme, kisha akanipa kioo.

Kwa mbele meno yangu yalikuwa meupe kweli. Nilitaka kumwonyesha mke wangu. Halafu nikatazama vizuri. Kando ya ufizi, pale jino linapoingia kwenye nyama, palikuwa na mstari mwekundu kama uliochorwa kwa kalamu. Katikati ya jino na jino, wekundu. Daktari akanigeuzia kioo kidogo nione nyuma ya meno ya chini, na huko hapakuwa na jeupe hata moja.

Nilikasirika. Mimi huwa nakasirika haraka, na mara nyingi nakikasirikia kitu kisichohusika. "Daktari, hii rangi yako inadanganya. Mimi nasugua kila siku. Kutoka mtoto."

"Rangi haishiki jino safi, afande," akasema, wala hakukasirika. "Inashika utando."

Akanieleza kwa maneno ya kawaida. Mdomo wa kila mtu una bakteria, hata wa shehe, hata wa padri. Ukimaliza tu kupiga mswaki wanaanza tena kujishikiza kwenye jino, na saa chache baadaye wameshatandaza utando mwembamba usioonekana. Ukiuondoa kila siku hauna madhara makubwa. Ukiuacha unakuwa mnene, halafu unashika mate na kuwa mgumu, unakuwa ukoga, na ukoga hautolewi na mswaki wowote, hata uwe wa chuma. Na mahali wanapopenda kujenga ni pale chini kabisa, kwenye mpaka wa jino na ufizi, ambapo mswaki wa kushoto kulia unaruka juu yake. Ufizi unavimba, unajitenga na jino, na mfupa ulio chini unaanza kupungua. Ndiyo maana jino linacheza.

"Na damu?" nikauliza. "Si uchafu unatoka?"

"Nani alikuambia hivyo?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Damu ni ufizi uliovimba. Ukiugusa unatoka damu. Hebu nionyeshe unavyopiga mswaki."

Akanipa mswaki mpya na nikamwonyesha. Mke wangu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, alifunika uso kwa mkoba. Daktari alijizuia kidogo, kisha akashindwa, akacheka waziwazi.

"Afande, hiyo ni buti au ni mdomo?"

Makosa yangu yalikuwa mawili ndani ya moja. Pale palipokuwa safi nilikuwa nimesugua mpaka ufizi umepanda na shingo za meno zimelika. Pale palipokuwa pachafu sikuwahi kufika maishani mwangu.

Alinikwangua ukoga kwa subira, na mlio wa kifaa kichwani ulikuwa kama wa mtu anayekwangua sufuria iliyoungua. Kisha akachukua sindano butu yenye alama, akapima kina cha nafasi kati ya ufizi na jino lile la mbele, akaandika, akapima tena. Akasema atanipa wiki sita. Nisiguse tarumbeta. Nipige mswaki kama atakavyonifundisha. Wiki sita zikiisha atapima, na kama jino litakuwa bado linacheza vile vile, litabidi litoke.

"Na likitoka?" mke wangu akauliza, kwa sababu mimi sikuweza.

"Tutaona cha kuweka. Lakini kwa kupuliza, sijui."

Mafunzo yenyewe yalinidhalilisha. Mswaki laini, laini mpaka nikadhani ni wa mtoto mchanga. Niushike kwa vidole vitatu, kama kalamu, ili nguvu za mkono zisifike. Niulaze ukiangalia kwenye ufizi, nusu kwenye jino na nusu kwenye nyama, halafu nitikise kidogo kidogo mahali pamoja, meno mawili mawili, bila kuhama haraka. Mbele, nyuma, juu ya magego. Kisha kibrashi chembamba kama waya cha kupita katikati ya meno, kule mswaki usikofika. Dakika mbili nzima, mara mbili kwa siku. Nikamwambia nahisi kama sifanyi chochote. Akasema ndivyo ninavyotakiwa kuhisi.

Kwenye bendi, kiti changu alipewa koplo mmoja, mwanamke aliyekaa kando yangu miaka kadhaa kwenye tarumbeta ya pili. Mimi nikapewa matoazi. Ndiyo, matoazi. Wenzangu walifurahi sana. "Mzee wa sahani," waliniita, na mmoja akaja na bakuli la supu akaniomba nimpigie kidogo kabla hajala.

Sitajificha. Wiki nzima ya kwanza nilimchukia yule koplo. Nilisimama nyuma na zile sahani mbili nikiombea akosee, naye hakukosea. Siku ya nne alikuja akaniuliza mahali pa kuvuta pumzi katika kipande kirefu kile ambacho ndicho changu, ambacho watu hugeuka kunitazama. Nilimjibu kwa maneno matatu, nikaondoka. Nikiwa nimeshafika uwanjani nikajisikia mtu mdogo, nikarudi kumweleza vizuri.

Nyumbani palikuwa na mtihani mwingine. Baba anaishi nasi sasa, chumba cha nyuma. Ni mzee, sikio moja halisikii na la pili linachagua, na mdomoni amebakiwa na meno matano. Anaamka kabla ya kila mtu na kukaa kwenye kiti chake barazani, pale anapoweza kuona bomba, na mimi nanawia hapo kwa sababu bafu la ndani asubuhi ni la wanawake. Basi aliniona na mswaki wangu wa vidole vitatu.

"Unapaka mdomo rangi?" akaniuliza siku ya kwanza.

Siku ya pili: "Wewe askari gani? Sugua!"

Siku ya tatu uvumilivu ukanishinda. Nilitema, nikamgeukia, nikamwambia kwa sauti ya kumfikia sikio kwamba ile damu haikuwa uchafu. Kwamba alitufundisha vibaya sisi sote. Kwamba jino langu linatoka kwa sababu ya mstari wake pale kwenye bomba, na kazi yangu itaondoka nalo.

Alishinda siku nzima kwenye kiti chake, hata chai aliiacha ikapoa. Nami nilikuwa nimeanza kujuta kabla sijafuta mdomo. Yeye naye alifundishwa na mtu, kwenye mafunzo, akiwa kijana aliyetoka kijijini na kuambiwa kwamba kinachong'aa ndicho safi. Alitupa alichokuwa nacho, na alitupa kila asubuhi bila kukosa, hata akiwa ametoka zamu. Kuna watoto kambini ambao baba zao hawakuwahi kuwatazama usoni, achilia mbali meno.

Jioni nilimpelekea chakula chumbani. Alikula kidogo, akaweka kijiko.

"Mama yako alienda kaburini na meno yake yote," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Yote. Mimi nilikuwa namcheka."

Nilikaa naye mpaka akamaliza kula. Hatukuzungumza tena habari ya meno, lakini tangu siku ile hakuniambia sugua.

Daktari alikuwa amenipa vidonge vichache vyekundu kwenye bahasha, nitumie kimoja kila Jumapili ili nijikague. Jumapili ya kwanza nyuma ya meno ya chini palikuwa bado ni pekundu. Nikagundua kwamba nilikuwa nakimbia pale, kwa sababu mkono unachoka na hakuna anayepaona. Jumapili ya pili palikuwa pamepungua. Katika wiki ya tatu, siku ya Jumanne, nilitema kwenye bomba na povu likawa jeupe. Nikatema tena nikidhani nimekosea. Jeupe. Nikamwita mke wangu aje aone, naye akaja na mwiko mkononi akatazama povu la mume wake.

"Hongera," akasema. "Sasa niruhusu nirudi kwenye sufuria ya katogo."

Nilifurahi siku nzima. Na nikaanza kupenda zile dakika mbili. Asubuhi ya Kampala, kabla pikipiki hazijaanza kugombana barabarani, jirani anafagia, redio ya mtu inasoma matangazo ya vifo, na mimi nimesimama na kazi ndogo isiyotaka nguvu. Ulimi ukipita nyuma ya meno unakuta laini kama sahani iliyooshwa kwa majivu. Miaka yote ile sikuwahi kujua meno yangu ya nyuma yana umbo gani. Nilikuwa nayajua ya mbele tu, yale ya kukaguliwa.

Wiki ya sita tulirudi Namuwongo. Daktari alipitisha sindano yake butu kuzunguka jino lile, sehemu moja, ya pili, ya tatu. Akalishika kwa kidole na kifaa, akalisukuma. Nilikuwa nimeshika mkono wa mke wangu kwa nguvu ambazo alinilalamikia baadaye.

"Linabaki," akasema. "Ufizi umelishika tena. Linacheza kidogo sana, na hivyo si vibaya. Ukiendelea hivi, utazeeka nalo."

Nilitaka kumkumbatia, lakini hijabu na heshima zikanizuia, nikampigia saluti. Halafu akanipa kioo.

"Ila tazama hapa."

Katikati ya yale meno mawili ya mbele, juu, karibu na ufizi, palikuwa na tundu jeusi dogo la pembe tatu. Nikamwuliza limetoka wapi. Akasema lilikuwepo, uvimbe ndio uliokuwa umeliziba. Ufizi ukipona unasinyaa, na mfupa uliopotea haurudi. Nikasema kwamba ni tundu dogo, nani ataliona.

Hakuna aliyeliona. Lilisikika. Nilitoka kliniki nikaenda moja kwa moja kwenye chumba cha mazoezi, nikapangusa tarumbeta yangu, nikapuliza. Sauti za chini zilikuja nzuri, nene, kama hazikuwahi kuondoka. Za kati nzuri. Nikapanda. Kule juu, pale pangu pa kujisifia, hewa ilipita kwenye lile tundu na kutoa mluzi, na sauti ikapasuka. Nikajaribu tena. Nikajaribu siku tisa, nikabadilisha namna ya kukaza midomo, nikageuza pembe ya kichwa, na kila nikifika juu mluzi ulikuwa unanisubiri.

Siku ya kumi nilikwenda kwa kiongozi wa bendi kabla hajaniita. "Afande," nikamwambia, "koplo abaki kwa ya kwanza. Mimi nipe ya pili." Alinitazama sana, akauliza kama nina hakika. Nilisema ndiyo, na sauti yangu ilikuwa na upole ambao niliutambua, nikauchukia, kisha nikauzoea.

Tarumbeta ya pili haisikiki ikiwa imepigwa vizuri. Kazi yake ni kukaa chini ya ile ya kwanza na kuibeba isiyumbe. Lazima umsikilize mwenzako kila wakati: pumzi yake, haraka yake, hata woga wake. Nilikuwa nimekaa kando ya yule koplo miaka mingi na sikuwahi kumsikia, kwa sababu nilikuwa nasikia mimi tu. Sasa nilianza kumsikia. Yuko vizuri, yule mwanamke. Sehemu zingine ni mzuri kuliko nilivyokuwa, na nimemwambia hivyo kwa mdomo wangu wenye tundu.

Baba sikumwambia. Hilo ndilo lililobaki kunisumbua. Kila mara bendi yetu ikicheza kwenye gwaride la makuruti kumaliza mafunzo, lazima aletwe, avae koti lake la zamani, akae chini ya hema na wastaafu wenzake. Tangu nianze kupuliza amekuwa akiwagusa waliokaa kando yake tarumbeta ya kwanza inapopanda na kuwaambia, "Ile mtoto yangu." Nilijua atafanya hivyo tena, atamwonyesha mtu sauti ambayo si yangu, na nilikosa ujasiri wa kumzuia.

Tulicheza vizuri siku ile. Koplo alipanda kwenye kipande kirefu akakaa juu kule bila kutetemeka, nami nikamshika kutoka chini mpaka mwisho. Makuruti walipomaliza kupita na watu kuanza kupigana picha, nilikwenda kwenye hema nikamkuta baba ameegemea fimbo yake. Nilimsaidia kusimama. Alinishika begani.

"Leo nimesikia tarumbeta mbili," akasema. "Miaka yote nasikia moja tu."

Nikainama kwenye sikio lake zuri. "Ya chini ndiyo mimi, baba."

"Najua," akasema. "Ndiyo nilikuwa nawaonyesha."